Giaboksi Isiyofunguliwa

Msimu wa kulima ukikaribia katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, gereji za Igawa hujaa kabla mvua haijashika. Pawatila, yaani trekta ndogo za magurudumu mawili, zinapangwa kandokando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, tope la mwaka jana likiwa limekaukia kwenye magurudumu ya chuma, na wenye nazo wanaeleza shida zilezile: gia haiingii, gia inakwaruza, gia inaruka. Wengi wao hukumu wameshaitoa wakiwa bado njiani. Giaboksi imekufa, ifunguliwe.

Fundi ninayetaka kumsifu ni yule asiyeikubali hukumu hiyo. Kufungua giaboksi si kazi ngumu. Kijana mwenye spana na nyundo anaweza kuimwaga yote juu ya turubai kabla ya adhuhuri. Kazi ngumu ni kuiacha imefungwa mpaka sababu nyingine zote ziishe.

Nyingi ya mashine hizi ni Dongfeng za nguvu farasi 12, zilizotengenezwa Changzhou nchini China, au za muundo unaofanana nazo. Injini ni ya silinda moja yenye kipenyo cha milimita 95. Belti zinatoa mzunguko kwenye injini na kuupeleka kwenye puli yenye klachi, na mbele ya hapo kuna gia 6 za kwenda mbele na 2 za kurudi nyuma. Mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza ulipotangazwa mwaka 2009, pawatila zilimwagika wilayani, na bonde hili lilikuwa tayari kuzipokea. Tangu shamba la mpunga la Mbarali lilipojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, likawa chini ya shirika la umma la NAFCO, watu wa huku hawashangai kuona trekta likilima ndani ya maji. Pawatila zilizokuja na Kilimo Kwanza sasa zimezeeka, lakini bado zinalima.

Fundi huanza kwa maswali, huku mikono bado mikavu.

"Shikamoo, fundi. Gia inaruka."

"Marahaba. Inaruka namba ngapi?"

"Namba mbili."

"Ikiwa na mzigo au tupu?"

Hapo kijana aliyeleta mashine husita, kwa kuwa hakuwahi kuangalia. Naye hatumwi kununua spea. Anarudishwa kwenye mashine, aiendeshe, kisha aje kujibu. Swali hilo lina uzito. Gia ikiruka wakati wa kuvuta tu, shaka inaelekea kwenye meno yaliyolika miisho yakabaki na mteremko, kwa hiyo kila mzigo unapokaza, meno yanasukumana kutoka. Ikiruka hata mashine ikiwa tupu, kwa mtikisiko tu, shaka inahamia kwenye springi na gololi inayoshikilia fimbo ya gia mahali pake. Ikiwa ni gia moja peke yake, fundi anaiwazia gia hiyo na uma unaoisogeza. Zikiruka zote, anaanza kuziwazia beringi za shafti.

Gia kutoingia ni shauri jingine, na ndiko hukumu za haraka zinakokosea zaidi. Fundi anazima injini na kujaribu kuingiza gia. Ikigoma, anaisukuma mashine kidogo mbele, kwa kuwa jino linaweza kuwa limekutana na jino uso kwa uso, kisha anajaribu tena. Ikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, halafu ikakwaruza injini ikiwaka, basi ndani ya boksi hakuna mgonjwa. Klachi haiachi. Anavuta mkono wa klachi, anasubiri kidogo, anagusisha gia: ikiwa bado inakwaruza, kuna kitu kinaendelea kuzunguka ambacho kilipaswa kuwa kimesimama. Anafuata fimbo ya klachi kwa vidole, anatafuta ulegevu, analegeza nati ya kufungia, anarekebisha, anakaza, anajaribu tena. Mara nyingi safari inaishia hapo.

Belti nazo zina kesi yake. Zikilegea, mashine inanguruma bila kwenda, na mwenye mali anaapa kwamba klachi imekwisha. Fundi anazibonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili na jibu analipata.

Kabla ya kufungua chochote, anachungulia oili. Kulima mpunga ni kuizamisha mashine katika maji na mchanga mwembamba siku nzima, na sili za ekseli zikichoka, maji hupenya. Oili inayotoka ina rangi ya chai ya maziwa, na ukiiacha kwenye kopo usiku kucha, asubuhi maji yako chini. Beringi na meno vimekuwa vikisagana humo msimu mzima. Lakini ninaowakasirikia kweli ni wanaofunga fimbo ya gia kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili isiruke. Gia inatulia, shamba linakwisha, lakini uma ndani unasuguana na gia bila kupumzika, na kilichokuwa springi ya bei ndogo kinageuka uma, kisha gia, kisha shafti.

Kuna hata malalamiko yasiyohitaji spana. Dereva mgeni hushuka kwenye tuta la mfereji, akavuta mkono wa kugeuzia wa kushoto, mashine ikakata kulia. Akaja mbio kusema kuna kitu kimekatika. Hakuna kilichokatika. Mkono ule huachia gurudumu la upande wake lisipokee nguvu. Kwenye tambarare gurudumu hilo hubaki nyuma, na mashine hukata upande huohuo. Kwenye mteremko, gurudumu lililoachiwa hukimbia zaidi kuliko lile linalozuiwa na injini, na mashine hugeukia upande wa pili. Fundi anamweleza, anamshusha mteremkoni mara mbili aone mwenyewe, na hamtozi kitu.

Siku ambayo boksi lazima lifunguliwe, hufunguliwa na mtu anayejua anachokifuata. Anaanza na kifuniko cha juu tu: springi, gololi, fimbo. Gololi anaizungusha kati ya vidole akitafuta upande uliobapa. Uma anauangalia kwenye mwanga aone kama umepinda au umeliwa upande mmoja. Asipopata alichokishuku, ndipo anashuka kwenye shafti, na kila kipande kinalala juu ya turubai kwa mpangilio kilivyotoka.

Ugomvi huja kwenye malipo. Mwenye pawatila alijiandaa kulipia giaboksi nzima, sasa anaambiwa alipe kwa nati moja iliyozungushwa, na ghafla bei inaonekana kubwa. Husikika akisema hata yeye angeizungusha. Ni kweli angeizungusha, kama angejua ni ipi. Fundi huyo akidai nusu ya gharama ya kufungua boksi, mimi naona bado anajipunja, na mwenye pawatila amlipe kabla hajaondoka, kwa maana Januari haiko mbali na mche hausubiri.