COMMIT inapojibiwa ROLLBACK

Ukituma COMMIT kwa PostgreSQL, seva inaweza kukujibu ROLLBACK. Hakuna kosa linalotangazwa, na programu isiyosoma jibu huendelea na kazi ikiamini data imehifadhiwa, kumbe imeshafutwa yote.

Chukua muamala mmoja. BEGIN inaufungua. UPDATE inapunguza shilingi 50,000 kwenye akaunti, seva inajibu UPDATE 1, yaani rekodi moja imebadilika. Kisha INSERT ya stakabadhi inataja namba ya mteja ambaye hayumo kwenye jedwali la wateja, nayo inakataliwa. Mtu akituma SELECT nyepesi aone kimetokea nini, anapewa kosa 25P02: muamala umeharibika, amri zitapuuzwa mpaka ufungwe. Hata ukiufunga kwa COMMIT, seva itajibu ROLLBACK, na ile UPDATE itapotea. Kwenye kosa hilo la 25P02 ndipo muda mwingi hupotea, watu wakiichokonoa SELECT isiyo na dosari. 25P02 haielezi chanzo cha tatizo. Rudi nyuma kwenye logi hadi kosa la kwanza. Hilo ndilo la kurekebisha. Waliozoea MySQL hutatizika zaidi, maana huko makosa mengi hubatilisha amri moja tu, muamala ukabaki hai.

Hali ya muamala wala haifichwi. Kila mara seva inapokuwa tayari kupokea amri mpya, hutuma ujumbe wa aina ya Z unaoishia na herufi moja. I maana yake hakuna muamala uliofunguliwa, T upo na ni mzima, E umeharibika. Programu ya psql huigeuza herufi hiyo kuwa alama pale unapoandikia amri: nyota kwa T, alama ya mshangao kwa E. Tangu toleo la 13, lililotoka 2020, alama hizo huonekana bila kubadilisha mipangilio.

Amri unayoitilia shaka itangulizie SAVEPOINT. Ikikwama, ROLLBACK TO huirudisha hali kutoka E hadi T, na ile UPDATE ya mwanzo inabaki.

Upande wa Java, maktaba ya JDBC ya PostgreSQL siku hizi hutangaza kosa pale COMMIT inapojibiwa ROLLBACK. Huo ni uamuzi sahihi kabisa, na maktaba za lugha nyingine zinapaswa kufanya vivyo hivyo, hasa kwenye mifumo inayoshika fedha za watu.