Kiteuzi Husomwa Kutoka Upande Gani?

Miongoni mwa istilahi za uandishi wa kurasa za wavuti zinazowatatiza wafasiri, tumeonelea tuanze na kiteuzi, yaani mfululizo wa alama ambao kivinjari hupewa na skripti ili kizipate elementi zinazotakiwa. Wengine husema kichaguzi. Kwa maoni yetu kiteuzi ni bora zaidi, kwani kuteua ni kuchagua kwa kuzingatia sifa; lakini juu ya hilo hatutagombana na mtu.

Kasoro tunayotaka kuijadili imo katika maelezo, si katika jina. Tuchukue kiteuzi hiki: #habari ul a. Wako wanaokieleza hivi: "Ingia katika sehemu ya habari, tafuta orodha, kisha chagua viungo." Maelezo hayo yamefuata mpangilio wa alama hatua kwa hatua, na mwanafunzi anayeyaamini hudhani kwamba kivinjari hupita mlangoni, kisha ukumbini, kisha chumbani, na kwamba kila alama inayoongezwa kushoto humpunguzia kazi. Sivyo. Kinapolinganisha elementi na kiteuzi, kwa kawaida kivinjari huanzia kulia: hushika kiungo, kisha hupanda kwa mzazi wake na mababu zake kuuliza kama kimo katika orodha, na kama orodha hiyo imo katika sehemu ya habari. Ukurasa ukiwa na viungo 1,000, huenda vikakaguliwa vyote, hata kama vinavyotakiwa ni 3 tu.

La ajabu ni kwamba Kiswahili hakikuwa na haja ya kupotoka. Sisi husema "kitasa cha mlango wa chumba": hutangulia kitu chenyewe, mahali pake pakafuata. Basi tafsiri fasaha ni "kiungo kilichomo katika orodha iliyomo katika sehemu ya habari", nayo ndiyo njia ile ile ya kivinjari! Mfasiri aliyeiacha sarufi yake amepoteza ufasaha na ukweli kwa pamoja.

Neno jingine ni utendaji. Katika maandishi ya ofisini hutumika kwa kazi ya mtumishi, na hapa linaficha kinachokusudiwa, yaani wepesi wa kutafuta. Amri ya getElementById ni nyepesi kwa kuwa kivinjari hutunza faharasa ya vitambulisho. Ile ya querySelectorAll huenda ikalazimika kukagua elementi nyingi. Ombi likiwa moja, tofauti hiyo haionekani. Huonekana skripti inapolirudia ombi lile lile mara elfu, badala ya kulihifadhi jibu na kulitumia tena.

Hata hivyo, mwalimu anayeshauri jibu lihifadhiwe hana budi kueleza kwamba jibu la querySelectorAll halibadiliki: elementi itakayoongezwa baadaye haitakuwamo. Tunapendekeza liitwe orodha tuli, ili litofautiane na orodha hai inayotolewa na getElementsByClassName, ambayo hubadilika kadiri ukurasa unavyobadilika.