Habari Isiyomfikia Fundi

Somo hupimwa kwa kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya kesho yake. Habari zetu za ujenzi nazipima kwa kipimo hicho hicho, na nyingi hazifaulu. Ghorofa lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013, na jingine Kariakoo, Novemba 2024, tulihesabiwa maiti, tukatajiwa na viongozi waliofika. Fundi aliyesikiliza redio huku anapiga ripu hakupata la kushika.

Siku hizi vijana hunionyesha katika simu huduma za mafundi: bei ya saruji, nondo na bati, na namba za wenye kutafuta mafundi. Zina faida, maana humwokolea fundi nauli. Lakini bei si ujuzi. Zege likishamwagwa humwagiliwa maji walau siku 7, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Maji yakizidi wakati wa kuchanganya, zege hudhoofika. Maneno hayo machache yangeenea katika ukurasa ule ule wa bei. Mwandishi anayeyaacha humwachia fundi ajifunzie kwenye kifusi, na kifusi hakina somo la marudio.