Asiyeamini na asiye na imani: Kiswahili kinamwitaje mtu anayesema 'sijui'?

Neno 'imani' lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza ni kule kusadiki mambo ya dini. Ya pili ni huruma. Mpwani akikwambia kuwa fulani 'hana imani', hakuelezi iwapo mtu huyo huswali au huenda kanisani. Anakwambia kuwa huyo ni katili, mtu awezaye kumnyima mgonjwa maji. Kutoka mzizi huohuo wa Kiarabu tumepata 'amini', 'amana', 'mwaminifu' na 'uaminifu'. Basi ukimwita mtu 'asiyeamini', sikio la msikilizaji lina njia fupi sana ya kufika kwa 'asiyeaminika'.

Naanza na neno hili kwa kuwa ndilo linalomsubiri mlangoni kijana wa Diani, Msambweni au Kinango aliyelelewa katika nyumba yenye dini zaidi ya moja, akafikia umri wa kujisemea, akatamka: kuhusu Mungu, mimi sijui. Hajasema Mungu hayupo. Hajasema yupo. Amesema hajui, na pengine haamini kuwa kuna binadamu anayejua. Waingereza walikuwa hawana neno la mtu wa namna hii hadi mwaka 1869, mwanasayansi Thomas Henry Huxley alipolibuni. Sisi je, tuna neno gani? Swali linaonekana la msamiati tu, lakini tutaona kuwa ndani yake mna mirathi, maziko na heshima ya mtu mbele ya jamaa zake.

Hebu kwanza tuitazame nyumba yenyewe. Kwale si kaunti ya dini moja kama wageni wanavyodhani. Wadigo wa ukanda wa bahari ni Waislamu kwa wingi. Waduruma wa bara ya Kinango wamegawanyika kati ya Uislamu, Ukristo na dini ya jadi. Wakamba walipewa mashamba Shimba Hills na makanisa yao yakaja nao. Wamakonde, waliotambuliwa rasmi kuwa raia wa Kenya mwaka 2016, wengi wao walitoka kusini kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge. Hoteli za Diani nazo zikaleta watu wa kila pembe ya nchi. Watu hawa wameoana. Si ajabu mtoto mmoja akawa na baba anayefunga Ramadhani, mama aliyebatizwa, na nyanya asiyeukata mti wa kaya hata umlipe.

Hata ndani ya Uislamu wa Wadigo pana tabaka mbili. Zamani Wadigo walirithishana kwa upande wa mama: mali ya mtu ilimwendea mpwa wake, mtoto wa dada. Sheria ya Kiislamu humpa mtoto wa kuzaa. Mvutano wa mpwa na mwana ulisumbua familia na mahakama tangu enzi za ukoloni, na watafiti waliuandika. Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, iko hatua chache kutoka ufuo wa watalii. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia. Wanaoishi kando yake husikia adhana mara tano kwa siku, na bado msitu unaheshimiwa.

Lugha yetu yenyewe imejengwa vivyo hivyo. 'Mungu' ni neno la Kibantu, limetokana na 'Mulungu' wa Wamijikenda na majirani zao, likapoteza 'l' njiani. Waislamu walilikuta wakalitumia, na Wakristo vilevile. 'Dini', 'sala' na hata 'kanisa' yametoka Kiarabu. 'Padri' tumeachiwa na Wareno. 'Mzimu' ni wetu tangu hapo. Pepo anayempanda mtu kichwani na Pepo wanayoahidiwa wema wana jina moja. Kumbe lugha iliyozoea kuchanganya imani namna hii ndiyo iliyoshindwa kumpa kiti mtu aliyesimama katikati!

Tuyapime sasa maneno ambayo kijana huyo hurushiwa. La kwanza ni 'kafiri'. Asili yake katika Kiarabu ni kufunika: kafiri ni mtu aliyeiona kweli akaifunika. La pili ni 'murtadi', kutoka mzizi uleule uliotupa kitenzi 'rudi': ni mtu aliyekuwa ndani ya dini akarudi nyuma. La tatu ni 'mkanamungu', neno wanalolipenda wafasiri wa magazeti. Lakini kitenzi 'kana' kina masharti yake. Mtu hukana deni, hukana mtoto, hukana mashtaka. Anayesikia kuwa fulani amekana, tayari ana shaka kuwa deni lipo na mtoto ni wake.

Maneno haya matatu yanafanana kwa jambo moja. Yote yanadai kuwa mtu huyo anajua. Mmoja anajua akafunika, wa pili alijua akageuka, wa tatu anajua akakana. Hakuna hata moja linalomsikiliza anaposema hajui. Na aliyekulia kwa baba wa msikiti na mama wa kanisa, ambaye hakuna aliyemuuliza alichochagua, amerudi kutoka wapi hata aitwe murtadi?

Labda fasihi imemtendea haki zaidi kuliko kamusi? Mtu wa kumtazama kwanza ni Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyepitia seminari ya Kikatoliki kabla ya kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafariki Januari 2020. Katika Kichwamaji (1974) alimwumba Kazimoto, msomi anayesimulia maisha yake mwenyewe huku nguzo zote zikimponyoka: wazazi, mapenzi, elimu, Mungu. Kabla ya hapo riwaya ya Kiswahili haikuwa imemruhusu mhusika aiulize mbingu maswali kwa sauti kubwa namna hiyo. Hilo ni deni letu kwa Kezilahabi, na sina nia ya kulikana.

Hata hivyo, tazama mwisho wake. Kazimoto anajiua. Mhakiki anaweza kujibu kuwa huo ndio mkondo wa falsafa ya udhanaishi na kwamba mwandishi hakuwa akitoa fatwa. Sawa. Lakini riwaya hiyo imesomwa na kufundishwa kwa miaka mingi, na funzo ambalo wasomaji wengi wametoka nalo ni kuwa shaka ni ugonjwa na kaburi ndilo dawa yake. William Mkufya katika Ziraili na Zirani (1999) alikwenda mbali zaidi: alimchukua asiyeamini akamvusha hadi ahera, akaigeuza shaka kuwa vita vya mbingu na jehanamu. Ni kazi ya ujasiri na upana wa kutisha. Ila humo pia asiyeamini ni shujaa au adui wa vita. Hana wasaa wa kukaa kibarazani.

Hapo ndipo ninapowalaumu waandishi wetu. Wamempeleka mwenye shaka kaburini, wamempeleka ahera, wakasahau kumpeleka nyumbani. Mwenye shaka wa Msambweni hapigani na Mungu. Ana mambo madogo na mazito zaidi. Idi anakula pilau kwa baba, Krismasi anakula chapati kwa wajomba. Jirani akifiwa analibeba jeneza kama wengine, na inapofika dua anainamisha kichwa kwa sababu ya heshima. Je, huo ni unafiki au ni utu? Swali hilo linatosha kujaza riwaya ya kurasa mia tatu, na sijaisoma bado riwaya hiyo katika Kiswahili.

Pengine kimya hiki kina baba yake. Mwaka 1969 Profesa John Mbiti alichapisha kitabu kilichojenga hoja kwamba Mwafrika na dini hawatenganishiki hata kidogo. Punde Okot p'Bitek wa Uganda akajibu kwa ukali kuwa wasomi wa aina hiyo wanawavisha miungu wa Kiafrika mavazi ya Wagiriki. Mjadala ule haukwisha, lakini katika shule zetu upande wa Mbiti ndio ulioshinda. Ukishafundishwa kuwa Mwafrika ni mtu wa dini kwa asili, Mwafrika asiyejua kama Mungu yupo hana budi kuwa kituko au mwigaji wa Wazungu.

Msomaji atasema: haya ni ya vitabuni. La. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri, dini, fikira na imani. Kifungu cha 170 kinaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya mirathi, ndoa na talaka pale ambapo wahusika wote ni wafuasi wa Uislamu na wamekubali mamlaka hayo. Baba akifariki Ukunda akaacha shamba, swali la mtoto huyu ni mfuasi wa nini linaweza kuamua mgao utafanywa wapi na kwa sheria ipi. Mtoto anayejibu 'sijui' ana haki zake kwa mujibu wa Katiba. Lakini katika kikao cha ukoo, kabla ya mahakama yoyote, ataitwa kwa moja ya yale majina matatu, na jina hilo ndilo litakalomgawia.

Hesabu za serikali nazo zina tatizo lilelile. Sensa ya 2019 iliwaweka pamoja, katika fungu moja, watu wasio na dini na wasioamini kuwa Mungu yupo. Jumla yao ilikuwa 755,750. Wengine 73,253 waliingizwa katika fungu la 'hajui', na huyo anaweza kuwa mtu aliyeulizwa dini ya mwenzake wa nyumbani asiijue. Mtu tunayemzungumzia hapa aliandikwa wapi? Na chama cha wasioamini Mungu kiliposajiliwa Februari 2016, usajili wake ulisimamishwa kabla ya miezi mitatu kwisha, mambo yakafika mahakamani. Mijadala ya magazetini na redioni wakati huo ilimtupa kila mwenye swali katika kapu la 'wapinga Mungu'.

Ajabu ni kuwa tuna hazina tusiyoitumia. Katika vyuo vya Pwani husimuliwa habari za Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, kwamba aliulizwa maswali mengi na mengi kati yake akajibu 'la adri', yaani sijui. Jibu hilo halikumshusha. Lilimpandisha daraja. Mashekhe wetu humaliza hotuba kwa 'wallahu aalam', Mungu ndiye ajuaye zaidi. Waarabu wa leo walipotafuta istilahi ya mtazamo aliouita Huxley kwa jina lake, waliitunga kutokana na maneno hayohayo ya 'la adri'. Bila shaka sijui ya Malik ilisemwa ndani ya imani, na ya kijana wetu imesemwa kizingitini. Sizichanganyi. Ninachosema ni kuwa adabu ya kukiri kutojua ni adabu inayofahamika hapa Pwani, na haikuletwa na watalii.

Methali zetu nazo zinavutana. Kijana akiuliza sana huambiwa 'akili nyingi huondoa maarifa'. Lakini mzee huyohuyo alimfundisha kuwa 'kuuliza si ujinga'.

Tumwiteje basi? 'Mwenye shaka' ni jina la adabu, ila lina walakini: shaka huja na kuondoka, hata walii huipata. 'Asiyejua' linamfanya mjinga wa kupelekwa darasani. Wapo watakaopenda tuswahilishe neno la Huxley moja kwa moja. Neno la namna hiyo litabaki vyuoni, halitafika kikao cha ukoo linakohitajika. Mimi napendekeza tuseme 'asiyekata neno juu ya Mungu'. Ni maneno matano, najua, na wanaistilahi hupenda moja. Lakini kila mtu kutoka Tiwi hadi Vanga anaelewa maana ya kukata neno, na anaelewa kuwa mtu anaweza kukaa barazani na wenzake, akala nao, akawazika wao na wao wakamzika, hali neno bado hajalikata.

Kamusi zitakapoandikwa upya, waandaaji waipitie pia fahirisi ya 'imani' na waonyeshe waziwazi kuwa maana zake mbili haziendi pamoja kila mara. Mtu anaweza kukosa ile ya kwanza akawa amejaa ile ya pili. Na kinyume chake tumekishuhudia mara nyingi mno.