Mkono Juu ya Kichwa

Kabla ya vyeti vya kuzaliwa kuenea vijijini, umri wa kuanza shule ulipimwa kwa mkono. Mtoto alisimamishwa mbele ya mwalimu mkuu, akaambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya utosi mpaka vidole viguse sikio la kushoto. Aliyeligusa aliandikwa darasa la kwanza. Ambaye vidole vyake viliishia kwenye nywele alirudishwa nyumbani akakue. Watu wazima wengi wa Njombe, kusini mwa Tanzania, kama wenzao wa pande nyingine za Afrika Mashariki, waliingia shule kwa mlango huo, na wapo walioinamisha shingo kidogo ili sikio lisogee.

Kipimo hicho kilichekwa sana baadaye, lakini kilikuwa na akili ndani yake. Kichwa cha mtoto wa miaka minne ni kikubwa mno kwa mikono yake. Anapokaribia miaka saba viungo hurefuka, na sikio likafikika. Karibu na umri huohuo meno ya utoto huanza kung'oka, na Rudolf Steiner, aliyeanzisha shule ya kwanza ya Waldorf mjini Stuttgart mwaka 1919, aliyatazama meno hayo kama ishara kwamba mtoto yuko tayari kufundishwa kusoma. Mwalimu mkuu wa Ubena, nchi ya Wabena wa Njombe, hakuwa amemsoma Steiner, wala Steiner hakuijua Njombe. Walikutana katika jambo moja: hesabu ya miaka haitoshi, mtoto mwenyewe lazima asomwe.

Huo ndio ufundi wa mwalimu wa watoto wadogo, na ni ufundi kwa maana ileile ambayo useremala ni ufundi. Seremala wa Njombe, mkoa uliojaa mipaina na miwati, hapigi randa mbao mbichi. Huigonga, huipima uzito mkononi, kisha huirudisha kwenye rundo ikauke, maana kiti cha mbao mbichi hupinda kikiwa tayari sebuleni kwa mteja. Mwalimu wa darasa la awali hupima vivyo hivyo: mtoto anavyoshika chaki, anavyoruka kwa mguu mmoja, anavyongoja zamu yake, anavyosimulia alichokiona njiani. Anayeanza kuandikisha herufi kabla vidole havijakaza hupata daftari lililojaa na mtoto anayechukia daftari.

Ulaya ilichelewa kulikubali wazo hili la kumsoma mtoto mwenyewe. Jean-Jacques Rousseau alilitetea katika Émile mwaka 1762, yeye ambaye watoto wake mwenyewe aliwapeleka kwenye nyumba ya watoto waliotupwa. Friedrich Froebel alifungua mwaka 1837 huko Bad Blankenburg, Ujerumani, kituo cha michezo na kazi za mikono ambacho miaka mitatu baadaye alikiita bustani ya watoto. Daktari Maria Montessori alianza Januari 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, akaugawa ukuaji katika vipindi vya miaka sita sita, kuanzia kuzaliwa hadi miaka 24. Jean Piaget wa Uswisi aliyachukua makosa ya watoto kwa uzito ambao wengine huwapa wanafalsafa. Mbinu zilizotokana nao zilifika Afrika Mashariki kwa njia mbalimbali: ile ya Montessori ilienezwa Tanzania hasa na masista wa Kikatoliki, na pwani, mradi wa shule za awali za madrasa ulianza Mombasa mwaka 1986 na kufika Zanzibar mwaka 1990, ukitumia zana zilizotengenezwa kwa vitu vya mazingira ya mtoto.

Kiswahili nacho kina ngazi zake, na zina usahihi wa watu waliowatazama watoto kwa karibu. Mtoto hukaza shingo, hukaa kitako, hutambaa, husimama dede, huenda tata, huachishwa ziwa. Mbele kidogo kuna ngazi isiyo na jina katika vitabu vya Ulaya, nayo ni kutumwa. Ipo siku mtoto hatumwi, na ipo siku anatumwa. Kwanza huambiwa alete kijiko kutoka pembe ya jiko. Kisha apeleke salamu kwa jirani na kurudi na jibu. Kisha aende dukani na noti mkononi, arudi na chumvi na chenji kamili. Sara Harkness na Charles Super, waliofanya utafiti katika kijiji cha Kokwet nchini Kenya miaka ya 1970, walikuta wazazi Wakipsigis wakiipima akili ya mtoto kwa njia hiyo, na wakiitofautisha akili ya nyumbani na akili ya shuleni. Mwalimu mzuri huanza kazi yake palepale penye utengano huo. Mtoto wa miaka mitano anayeletwa darasani Njombe si mtupu: ameshatumwa, ameshalinda kuku wasile mahindi yaliyoanikwa, ameshajua ni nani nyumbani wa kuombwa na nani wa kuogopwa.

Darasa la awali la mji wa Njombe lina mwalimu wa pili, na huyo ni baridi. Mji uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai sakitu huweza kuonekana kwenye majani, na watoto hufika na sweta juu ya sweta, mikono imejificha ndani ya mikono ya nguo. Vidole vilivyokufa ganzi havishiki penseli. Ratiba ikisema kuandika kuwe kipindi cha kwanza, mwalimu anayejua kazi yake huiheshimu ratiba kwa kuisogeza: watoto huimba, huruka, hukimbizana mpaka pumzi zao zionekane hewani, na kuandika kunangoja jua lipande.

Zana za mwalimu huyo hazitoki dukani. Kwa magunzi ya mahindi hujengwa nyumba na mazizi. Mbegu za parachichi, zao lililobadilisha uchumi wa mkoa huu katika miaka ya karibuni, hupangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Vizibo vya soda huhesabiwa, mabaki ya mbao kutoka karakana hupigwa msasa yasichome. Mwanzi uleule unaotoa ulanzi, pombe ya kienyeji, hukatwa vipande kumi, kila kimoja kikizidi kingine kwa upana wa kidole, na mtoto huvipanga kama ngazi. Hapa ufundi unafika mahali pake pagumu. Kipande cha nne kikikaa mahali pa cha sita, ngazi huharibika wazi, na jicho la mtoto linaona. Hakuna haja ya mtu mzima kusema kitu. Anayeona mapema ni mwalimu, na mkono unamuwasha kurekebisha. Akiurudisha mapajani, mtoto hutazama, hukunja uso, huvuruga vyote, huanza upya. Dakika tatu hizo, ambazo mkaguzi aliyepita dirishani angeweza kuziandika kuwa za uvivu, ndizo somo lenyewe. Kuongea kunafundishwa vyuoni. Kunyamaza kwa wakati wake hakuna mtaala unaokumaliza.

Haya yote yanahitaji nafasi, na nafasi ndiyo haba. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Tangu ada ilipofutwa katika shule za umma, kuanzia mwaka 2016, madarasa mengi nchini yamezidi idadi hiyo mara mbili na zaidi. Mwalimu aliyezidiwa hukimbilia kiitikio: yeye husema, wote hurudia. Si kosa la kumlaumu mtu. Wapo hata hivyo wanaoligawa darasa katika kona za ujifunzaji, kundi moja kwenye vizibo, jingine kwenye picha, jingine nje na kamba, huku mwalimu akikaa na kumi tu kwa wakati mmoja. Hiyo inahitaji maandalizi ya jioni nzima, na jioni hiyo hailipwi.

Tena kuna mwili. Njombe hulima mahindi, viazi, maharage na chai, hulisha masoko ya mbali, na bado utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Chakula kipo, kinachokosekana mara nyingi ni mchanganyiko wake, na mama mwenye muda wa kulisha mara kadhaa kwa siku wakati shamba linamwita. Mtoto aliyedumaa huonekana mdogo kuliko miaka yake, na mkono wake ungechelewa kulifikia sikio. Mwalimu anayekadiria kwa kimo humpa kazi za kitoto. Anayekadiria kwa cheti tu humpa zinazomlemea. Inabidi atazame anachofanya. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto hadi miaka minane, imeweka lishe, afya, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji katika kapu moja kwa sababu hiyo.

Kati ya miaka saba na kumi na moja akili ya mtoto hupiga hatua ambayo Piaget aliionyesha kwa maji na glasi. Maji yakimiminwa kutoka glasi pana hadi nyembamba, mtoto mdogo husema yameongezeka kwa sababu yamepanda, mkubwa hucheka. Jaribio hilo halihitaji glasi Makambako, mji mwingine wa mkoa huu. Sado moja ya maharage, kopo la kupimia sokoni, ikimiminwa kwenye ndoo kisha kwenye sufuria, inatosha. Mtoto wa darasa la kwanza ataapa kwamba maharage yamepungua. Wa darasa la tatu atasema ni yaleyale, hukuongeza wala hukupunguza. Na mtoto wa mkulima wa viazi anaweza kumzidi Piaget, maana nyumbani ameona lumbesa: gunia lililorefushwa kwa nyavu na kamba mpaka libebe zaidi ya gunia, na baba akilipwa bei ya gunia. Somo la uzito linaloanza na lumbesa halihitaji kuamshiwa wasikilizaji.

Makambako yenyewe ni darasa la umri huu. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina stesheni yake mjini humo. Watoto huhesabu mabehewa ya mizigo, hubishana juu ya idadi, hudai ushahidi. Wanacheza rede, mdako, gololi. Piaget alipotaka kujua maadili yanavyokua, aliwafuata watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi, na mwaka 1932 akachapisha alichokiona: wadogo huzishika sheria kama zimeshuka kutoka mbinguni huku wakizivunja bila kujua, wakubwa huzibadilisha kwa makubaliano na kuzitii. Mwalimu anayeketi kibarazani wakati wa mapumziko na kusikiliza ugomvi wa gololi hujua vizuri zaidi nani yuko ngazi gani kuliko mtihani utakavyomwambia. Kiboko, ambacho kanuni humruhusu mwalimu mkuu au anayemteua tu, na kwa mapigo yasiyozidi manne, hufunga ugomvi upesi na kufunga pamoja nao mahali pa kujifunzia haki.

Kisha mvulana hubadilika sauti, msichana huvunja ungo, na mwalimu aliyezoea kutazama mikono hukuta mikono imefichwa mifukoni. Kijana huuliza jambo ambalo awali hangeuliza: kwa nini sheria iwe hivi, na ingekuwaje kama isingekuwa. Ni umri wa kuwazia yasiyopo. Kwa bahati mbaya ndio umri ambao mfumo humbadilishia lugha. Anaingia kidato cha kwanza akiwa amefundishwa kwa Kiswahili tangu awali, na ghafla baiolojia na jiografia zinasemwa kwa Kiingereza. Darasa lililokuwa na kelele linakuwa la adabu ya kutia shaka. Baadhi ya walimu huwaacha wabishane kwanza kwa Kiswahili, kisha ndipo wayapeleke mawazo hayo kwenye Kiingereza, na ukimya unapungua.

Nje ya geti kuna wanaomngoja kijana huyo. Wasichana wa nyanda hizi wamekuwa wakichukuliwa kwa kazi za ndani Dar es Salaam kwa miaka mingi, na stendi ya Makambako imewaona wakipanda mabasi wakiwa na begi moja. Wavulana huitwa na mbao na bodaboda. Elimu ya lazima ilipoishia darasa la saba, safari hiyo ilianza miaka 13 au 14, mwili ukiwa umetangulia na busara ikifuata nyuma. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na imefungua mkondo wa amali kando ya ule wa jumla. Tangu Novemba 2021, msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni.

Montessori alitaka vijana wa umri huu waishi na ardhi, walime, wauze na watunze hesabu zao wenyewe. Rais Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kuamua juu yake. Sehemu ya kuamua ndiyo iliyopotea mapema. Shamba likabaki kuwa palizi, na palizi ikawa adhabu ya waliochelewa. Pale mwalimu wa kilimo anapowakabidhi wanafunzi daftari la mapato pamoja na jembe, kazi hubadilika sura. Wanajifunza kubebesha parachichi: kikonyo cha aina ya Hass juu ya mche wa kienyeji, kamba ya nailoni, subira ya wiki kadhaa hadi jicho lichipue. Mti uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Aliyeupanda akiwa kidato cha kwanza huchuma akiwa kidato cha nne.