Barabara Kwanza, Tofali Baadaye: Siri ya Sinza

Mwaka 1974 wapimaji ardhi walianza kusimika vigingi katika eneo la Sinza, Dar es Salaam, wakati sehemu kubwa yake ilikuwa bado mashamba na vichaka. Serikali haikwenda pale kuwajengea watu nyumba. Ilikwenda kuchora mtaa: barabara, mitaro ya maji ya mvua, njia za mabomba, nafasi ya shule, zahanati na soko, kisha viwanja vya makazi kwa maelfu. Nyumba zingejengwa na wenye viwanja, kila mmoja kwa mfuko wake na kwa mwendo wake. Kijitonyama na Mikocheni ziliingia katika mpango huo huo. Manzese, jirani kabisa na Sinza, iliingia pia, lakini kwa mlango mwingine. Huko watu walikwisha kujenga, kwa hiyo barabara na maji vilipaswa kupenyezwa katikati ya nyumba zilizosimama.

Mradi ulikuwa wa kitaifa na uliendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Awamu ya pili ilianza mwaka 1977 na kuvifikia vitongoji vingine vya Dar es Salaam, Tabata, Mbagala na Tandika vikiwamo. Miji kama Mbeya, Mwanza, Tanga, Morogoro, Iringa na Tabora nayo ilipata fungu lake. Leo, miaka hamsini baadaye, mtu yeyote anaweza kutoka Sinza kwa miguu akaingia Manzese na kuona kwa macho yake tofauti kati ya mtaa uliopangwa kabla ya nyumba na mtaa uliorekebishwa baada ya nyumba. Kwa nchi ambayo bado inajiuliza namna ya kuwapa makazi watu wa kipato cha chini, hakuna jaribio la wazi kuliko hilo.

Kwanza ieleweke kwa nini Serikali ilifuata njia hiyo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na katika muongo wake wa kwanza lilibomoa nyumba za miti na udongo sehemu kama Magomeni na kusimamisha za tofali mahali pake. Nyumba mpya zilikuwa bora, lakini hesabu ilikataa. Kila nyumba iliyojengwa ilitanguliwa na nyingine iliyobomolewa, gharama zikapanda, na wakati huo huo wahamiaji kutoka mikoani walizidi kumiminika. Kufikia mwaka 1972 uamuzi ukabadilika: makazi yaliyojengwa bila mpango yasivunjwe, yaboreshwe, na viwanja vipya vipimwe kabla watu hawajafika. Mawazo ya namna hiyo yalikuwa yanavuma duniani. John Turner, msanifu majengo Mwingereza aliyefanya kazi Peru kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa akieleza kwamba familia maskini hujenga vizuri zikiachiwa maamuzi ya nyumba zao. Benki ya Dunia chini ya Robert McNamara ilianza kukopesha miradi ya aina hiyo kwa Senegal mwaka 1972, na Tanzania ikafuata.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe, maana hapo ndipo siri ya Sinza ilipo.

Kiwanja cha kawaida Sinza kilikuwa na mita za mraba zipatazo 288, yaani mita 12 kwa 24. Kipimo hicho kinaeleweka zaidi ukikiweka chini ya nyumba ambayo wakazi wa Dar es Salaam walikwisha kuizoea: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande, na korido inayopita katikati hadi uani. Vyumba vya mita tatu kwa tatu pamoja na korido na unene wa kuta vinachukua upana wa mita nane na nusu hivi, na kina cha mita kumi hivi. Kwenye kiwanja cha mita 12 inabaki nafasi ya kupita pembeni, na nyuma unabaki uwanja wa kutosha choo, bafu, jiko na kamba ya kuanikia nguo. Kiwanja hakikuwa kikubwa cha kufuja ardhi wala kidogo cha kumbana mtu. Kilikatwa kulingana na nyumba ambayo watu walijua kuijenga, na mafundi waliijua kichwani bila ramani.

Nyumba hiyo ina sifa moja muhimu kwa mtu asiye na mshahara mnono: inagawanyika. Chukua chumba kimoja cha mita tatu kwa tatu chenye kuta za mita 2.7 kwenda juu. Ukitoa mlango na dirisha, kinahitaji matofali ya saruji yapatayo 300 ya inchi sita. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa kati ya matofali 25 na 30 yenye nguvu, iwapo mchanganyiko haukupunjwa na matofali yakamwagiliwa maji wiki nzima kivulini. (Mpigaji matofali anayejisifu kutoa 45 kwa mfuko anauza mchanga uliobanwa, na mvua ya kwanza itamuumbua.) Kwa hiyo chumba cha kwanza ni mifuko kumi hadi kumi na miwili kwa matofali peke yake. Chumba cha pili hudandia ukuta wa kile cha kwanza, hivyo kinadai matofali kama 210 tu. Fundi mwerevu huacha ncha za ukuta zimetokeza, tofali moja nje, moja ndani, ili ukuta utakaofuata ushikane na uliotangulia bila ufa.

Hivyo ndivyo familia ilivyoweza kununua nyumba kwa vipande: mifuko miwili mwezi huu, lori la mchanga mwezi ujao, bati baada ya mavuno ya kijijini au baada ya kupokea upatu. Wengine walihamia wakiwa na vyumba viwili vilivyopauliwa, wakapangisha kimoja, na kodi ya mpangaji ikanunua matofali ya cha tatu. Watu wengi husikia habari ya kujijengea na kudhani baba na mama walishika mwiko na kupandisha kuta kwa mikono yao. Wapo waliofanya hivyo. Lakini kazi kubwa ya mwenye nyumba ilikuwa kusimamia: kutafuta fundi, kubishana bei, kulinda saruji isiibwe, kuamua hela iliyopo iende kwenye mlango au kwenye plasta. Usimamizi huo ndio uliookoa gharama ambazo kampuni ya ujenzi ingezidai.

Barabara haigawanyiki hivyo. Familia haiwezi kununua mita tatu za barabara mwezi huu na tatu mwezi ujao, tena ikawa na maana. Bomba la maji halifai kitu kama majirani mia mbili hawakukubaliana lipite wapi, na mtaro unaoishia kwenye ukuta wa mtu ni bwawa la mbu. Hayo ni mambo yanayodai uamuzi mmoja kwa niaba ya wengi, na yanakuwa rahisi siku ambayo ardhi bado iko wazi. Mradi wa Sinza uligawa kazi kwa kufuata mstari huo huo. Serikali ilichukua kile ambacho familia haiwezi, ikaiachia familia kile inachokiweza. Hata viwango vilishushwa kwa makusudi. Choo cha shimo kiliruhusiwa badala ya kusubiri mfumo wa majitaka, maji yalipatikana kwenye magati ya pamoja, na barabara nyingi zilikuwa za changarawe. Vitu hivyo huweza kuboreshwa baadaye, mradi njia yake imeachwa.

Manzese ilionesha upande wa pili. Kazi kubwa ilifanyika huko na watu walinufaika: barabara zilipita ambapo hapakuwa na barabara, maji yalisogea, huduma za jamii zikajengwa. Lakini kila mita ya barabara ilipita mahali palipokuwa na nyumba ya mtu, na nyumba zilizobaki zilikuwa zimetazama kila upande kama zilivyojengwa. Gari la taka, la zimamoto au la kunyonya choo lilipata njia kuu chache, kisha likaishia hapo.

Timu ya watafiti iliyoongozwa na Guy Michaels wa London School of Economics ilipima matokeo hayo na kuyachapisha mwaka 2021 katika jarida la Journal of Political Economy. Walitumia picha za setilaiti na takwimu za miji saba ya mradi, wakilinganisha maeneo hayo na maeneo ya jirani ambayo hayakuguswa. Katika maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa, nyumba ni kubwa zaidi, zimepangika vizuri na zina huduma bora. Katika maeneo yaliyoboreshwa baada ya kujengwa, baada ya miongo minne nyumba hazikuonekana kuwa bora kuliko za maeneo ambayo hayakupata mradi. Watafiti walikiri pia kwamba wenye elimu zaidi walivutiwa na mitaa iliyopangwa, kwa hiyo sehemu ya tofauti inatokana na aina ya watu waliohamia. Hata hivyo, mpangilio wa barabara na viwanja hauletwi na cheti cha shule cha mkazi. Uliwekwa na vigingi vya wapimaji.

Yapo mambo mawili ambayo mradi haukuyaweza, na ni lazima yasemwe.

La kwanza ni fedha. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo ilitarajiwa kuwakopesha wenye viwanja hela za vifaa. Mikopo hiyo haikuwafikia walio wengi. Mwishoni mwa muongo huo saruji iliadimika, vita vya Kagera vikaja, na aliyekuwa na ofa ya kiwanja lakini hana mfuko wa saruji akabaki na pagala. Benki yenyewe ilifungwa mwaka 1995. Nyumba za Sinza zilimalizwa kwa akiba, upatu, ndugu na kodi za wapangaji, si kwa mikopo ya benki.

La pili linauma zaidi. Baadhi ya walengwa waliuza viwanja vyao kwa wenye uwezo, na Sinza ya leo, yenye maduka, nyumba za wageni na maghorofa, si mtaa wa maskini tena. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo mradi ulishindwa. Hoja hiyo haisimami. Aliyeuza alipata bei ya kiwanja chenye barabara, na aliyebaki ana mali inayomlisha. Tatizo lilikuwa uchache. Viwanja vyenye huduma vikiwa vichache mjini, watumishi wa ngazi za kati na wafanyabiashara watavigombea, kwa sababu nao hawana pa kwenda. Mradi ulipofikia kikomo katika miaka ya 1980, kazi ya kupima kwa wingi ilikoma nao, na jiji likaendelea kukua bila kungoja.

Nairobi ilipita njia iyo hiyo kwa namna yake. Mradi wa Dandora, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1975, ulitoa viwanja 6,000, vidogo kuliko vya Sinza, vingi vikiwa tayari na choo na bafu vilivyounganishwa na bomba la majitaka. Huko wenye viwanja, wanawake wakiwa mstari wa mbele, waliunda vikundi vya ujenzi: kila mwezi wanachama walichanga, na nyumba za wanachama zikajengwa kwa zamu. Mabomba yale ya mwanzo yalikuwa na faida kubwa kiafya, lakini udogo wa viwanja na kiu ya kodi vilisukuma nyumba kwenda juu, na majengo ya ghorofa kadhaa yamesimama juu ya mabomba yaliyokusudiwa familia chache. Leo Kenya imechagua njia nyingine. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, ili Serikali ijenge maghorofa yenyewe. Nyumba hizo zinahitajika, lakini nyumba moja iliyokamilika inagharimu kiasi ambacho kingeandaa viwanja kadhaa.

Tanzania nayo ilijaribu tena. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo ya pembezoni kama Kibada, Bunju na Tuangoma. Upimaji ulikuwa mzuri, lakini viwanja vingi vilizidi mita za mraba 400, na bei ilitakiwa kulipwa kwa mkupuo. Mama lishe hana mkupuo. Kipimo cha 288 na malipo ya kidogo kidogo vingemfikia. Kisha ikaja programu ya Kupanga, Kupima na Kumilikisha: mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilizipa halmashauri mkopo usio na riba wa shilingi bilioni 50, zirudishe baada ya kuuza viwanja. Fedha hizo zinazunguka, na huo ndio uzuri wake. Lakini sehemu ya nguvu za halmashauri inaishia kwenye urasimishaji wa makazi yaliyokwisha kujengwa, yaani kurudia kazi ya Manzese. Wakazi wa maeneo hayo wanastahili hati zao, hilo halina ubishi. Ila kila mwaka ambao mashamba ya Chanika, Msongola na Kisarawe, pembezoni mwa Dar es Salaam, yanakatwa vipande na madalali bila barabara, urasimishaji wa mwaka 2040 unazidi kuwa mgumu.

Kwa hiyo halmashauri zipime mashamba hayo sasa, kabla ya nyumba, kwa viwanja vidogo vinavyolipiwa kwa awamu. Na wewe unayenunua kipande cha shamba leo, kubaliana na majirani mita nane za barabara zibaki wazi, muweke vigingi na muandikishane kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kabla tofali la kwanza halijashuka kwenye lori.