Kitanda Hakizai Haramu, Lakini Nani Aliulizwa?

Tuko wanawake sita. Jumapili jioni, jua likishapoa, tunaketi nje ya nyumba yangu hapa Nakivale. Mmoja anasuka nywele, mwingine anachambua maharage pamoja na binti yangu, na mimi nasoma. Kitabu ni cha Kiingereza, basi nasoma ukurasa kimyakimya halafu nausimulia kwa Kiswahili chetu, kile cha Kivu kilichokutana na cha Burundi. Hivi karibuni tumemaliza riwaya mbili za wanawake wa Naijeria. Zote zinauliza swali moja: mtoto ni wa mwenye mbegu au ni wa mwenye kulea?

Ya kwanza ni Stay With Me ya Ayobami Adebayo, iliyotoka mwaka 2017. Yejide ana saluni mjini Ilesa, miaka ya 1980. Mume wake, Akin, anampenda, lakini mtoto hakuna. Wakwe wanamletea mke mwenza, Funmi. Yejide anapanda mlima kwa nabii, anapewa mbuzi amnyonyeshe. Anarudi akiamini ana mimba. Tumbo linakua kweli, ila ndani hamna kitu. Hapo mama mmoja akaacha kusuka, akatuambia, "Musicheke. Mimi nilipelekwa kwa wachungaji watatu."

Kumbe tatizo si la Yejide. Asiyeweza ni Akin, na Akin anajua. Anamwita mdogo wake Dotun, anamwomba amzalishe mke wake. Leo, kwa lugha ya hospitali, tungesema Dotun amechangia mbegu. Ila hospitalini mwanamke anaulizwa, anakubali au anakataa. Yejide hakuulizwa. Anaamini amemsaliti mume wake na shemeji yake, anabeba aibu ya jambo ambalo mume mwenyewe amelipanga.

Ya pili ni The Secret Lives of Baba Segi's Wives ya Lola Shoneyin, ya mwaka 2010. Hapa tuko Ibadan. Baba Segi ana wake wanne na watoto saba, na anajisifu kwelikweli. Mke wa nne, Bolanle, aliyesoma chuo kikuu, hashiki mimba. Mume anampeleka hospitali kama mtu anayepeleka baiskeli kwa fundi. Daktari naye anataka kumpima mume. Jamani! Inajulikana kwamba mzee hana uwezo wa kuzaa. Sasa wale saba? Wake watatu wa kwanza kila mmoja alitafuta mbegu nje kwa njia yake, na mke mkubwa hakwenda mbali: aliipata kwa dereva wa mume wake.

Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Shoneyin anajua kuchekesha. Halafu Segi, yule binti mkubwa, anakula chakula chenye sumu kilichotegwa kwa ajili ya Bolanle, na anakufa. Mke aliyekitega ni mama yake mwenyewe. Jioni ile kicheko kilitukauka mdomoni.

Nimeweka vitabu hivi pamoja kwa sababu kimoja ni kama kingine kilichogeuzwa. Kwa Adebayo, mwanamume anajua na mwanamke yuko gizani. Kwa Shoneyin, wanawake wanajua na mwanamume ndiye aliye gizani. Mtu angesema basi wamelipana. Mimi sioni hivyo. Wake wa Baba Segi walidanganya kwa sababu nyumba ile ilimpa mwanamke heshima kwa tumbo lake tu. Bila mtoto, wewe ni mgeni. Akin alikuwa na kazi, jina na ukoo nyuma yake. Uongo wake ulilinda fahari. Uongo wao ulilinda mahali pa kulala. Lakini katika nyumba zote mbili deni linaishia kwa mtoto.

Wahenga wetu walisema kitanda hakizai haramu. Ni neno la huruma. Linamkinga mtoto asifukuzwe kwa sababu ya mambo ya wakubwa, na hata Baba Segi, pamoja na maumivu yake, anabaki baba wa watoto aliowalea. Ila methali hii inampa mtoto paa, haimpi habari. Tazama Sesan, mtoto wa pili wa Yejide, anayekufa kwa selimundu. Ugonjwa huu mtoto anaupata akirithi kutoka pande zote mbili, kwa mama na kwa baba aliyemzaa. Sasa utamweleza nini daktari ikiwa baba aliyesimama mbele yake siye? Siri ya kitandani imeshaingia kwenye damu.

Adebayo ana udhaifu wake. Kikundi chetu kilikataa kabisa kumeza kwamba Yejide, msomi, mwenye saluni inayojaa wanawake na maneno yao, akae miaka yote hiyo bila kugundua hali ya mume wake. "Saluni gani hiyo isiyosema?" aliuliza dada mmoja wa Uvira. Ni kweli. Mwandishi anatuambia alimwamini, Akin alikuwa mwanamume wake wa kwanza. Mimi bado naona kamba pale imevutwa kupita kiasi.

Lakini namsamehe kwa sababu ya Rotimi. Mtoto wa tatu naye ana selimundu. Jina lake kwa Kiyoruba ni ombi: kaa nami. Yejide, aliyekwisha kuzika wawili, anaondoka akiamini na huyu amekufa. Hakufa. Akin ndiye aliyemlea, na mwaka 2008, kwenye mazishi ya baba yake Akin, mama na binti wanakutana. Ndiyo kusema, yule mwongo ndiye aliyebaki na mtoto mgonjwa ambaye si wa mbegu yake. Kitabu hakikuachi umchukie Akin ukatulia. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi hiyo aliifanya yeye.

Mimi nilianza kukisoma nikiwa hakimu. Nilipofika hapo sikuwa tena.

Mwaka 2012, tukivuka Bunagana, nilikuwa na mtoto mgongoni ambaye sikumzaa. Mama yake alibaki njiani. Mnaojua njia ile mnaelewa nasema nini. Mezani pa kuandikisha, karani aliniuliza, "Huyu umemzaa wewe?" Niliogopa wangemchukua. Nikasema ndiyo. Likaandikwa. Tangu siku hiyo kila karatasi inasema nilimzaa, na kila mwaka uliopita uliufanya ukweli uwe mgumu zaidi kutamka. Nilijiambia namlinda. Akin naye alijiambia hivyo hivyo.

Jumapili ile tulipomaliza ukurasa wa mwisho, wenzangu wakaanza kubishana kama Yejide amsamehe mume wake au asimsamehe. Binti yangu alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Hakubishana. Aliuliza tu, "Mama, sasa kwa nini hakuna mtu aliyemwambia?"

Wenzangu wawili wanajua historia yetu. Walitazama chini.

Usiku ule, wageni wakishaondoka, nilimwambia. Nilimpa jina la mama yake, na kwamba alikuwa anaimba akifua. Alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza kama ataendelea kuniita mama. Nikamjibu hilo yeye ndiye ataamua. Asubuhi aliniita mama, akaniomba chumvi.

Kwa hiyo nikiulizwa vitabu hivi vinafaa nini kwetu, sisi ambao nyumba zetu zimeunganishwa na shangazi, majirani na watoto wa njiani, najibu hivi: familia ya namna yoyote inaweza kusimama, iwe ya mbegu ya mdogo wa mume, ya dereva, au ya mtoto aliyebebwa mpakani. Mkisoma, angalieni nani anajua, na nani hakuulizwa.

Makala hii nilimsomea binti yangu kabla ya kuileta. Alifuta sentensi moja. Zilizobaki zimepita kwa ruhusa yake.